Siku Mchinjaji Alipolazwa Chali

Mtaani kwetu Tibirinzi, Pemba, anayechinja ni mimi. Kuku wa mgeni, mbuzi wa akika, ng'ombe wa harusi, wote wamepita mkononi mwangu, na kwa miaka mingi nilijiona mjuzi wa shingo. Kwa hiyo ilikuwa haki kabisa kwamba kilichokuja kuniharibikia ni shingo.

Ilianza kwa maumivu ya bega, nikausingizia mto wa kulalia. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Mke wangu alinisugua mafuta ya karafuu mpaka nyumba nzima ikanukia, nami nikatangaza kuwa nimepona. Nilikuwa muongo. Wiki ile ile jirani yetu, bibi mtu mzima asiye mwepesi wa kusamehe, alileta kuku wake wa kienyeji. Nilipitisha kisu mara moja, vidole vikalegea, kisu kikaanguka kazi haijafika nusu. Kuku alikata roho kabla sijakiokota. Akawa kibudu, haliwi tena, na paka wa mtaa wakafanya karamu.

"Na yule alikuwa akitaga," alisema yule bibi. "Tena kila siku."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mchinjaji akishapoteza mkono, hafukuzwi na mtu. Watu humpita tu, wakamsalimia vizuri, na kuku wao wakawapeleka mtaa wa pili.

Nikafanya mazoezi ya hospitali, nikameza vidonge, mkono ukazidi kulegea. Mwishowe nikapelekwa Dar es Salaam kwa daktari wa upasuaji, kijana mpole, akaniwekea picha ya shingo yangu mbele ya macho. Akanieleza kwamba baina ya pingili na pingili kuna diski, kitu laini cha kuzuia mifupa isisagane. Zangu zimechakaa, na mbili zimetoka mahali pake, zinakandamiza mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi.

"Mzee wangu, njia zipo," alisema.

Njia moja ni kuzitoa diski mbovu, kuweka kipande cha mfupa na kibati cha skrubu, pingili ziungane ziwe kitu kimoja. Shingo haitageuka sana kama zamani. Nyingine ni diski ya bandia, inayoiacha shingo icheze, ila mifupa yangu ilishaota vinundu na hainifai. Halafu kuna ya kuingilia kwa nyuma, kuipa mishipa nafasi.

"Na hiyo ya kuunganisha, mnaingilia wapi?"

Akagusa koo lake. "Hapa mbele. Tunalisogeza koromeo pembeni kidogo."

Pale alipopagusa napajua kuliko njia ya nyumbani kwangu.

"Mimi nataka ya nyuma," nikasema haraka.

Alicheka, kisha akanifafanulia kwa subira kwamba ubovu wangu uko upande wa mbele, na kwa nyuma hataufikia vizuri. Akanitahadharisha pia kwamba sauti huweza kukwaruza kwa muda. Mimi nilikuwa nimeshazama katika mawazo yangu. Katika kuchinja tunafundishwa kisu kisifike kwenye mfupa. Kazi yangu inaishia pale ya kwake inapoanzia, na miaka yote ile sikuwahi kujiuliza ng'ambo ya pili kuna nini.

Nikampigia mke wangu simu.

"Kwa mbele?" akauliza.

"Kwa mbele."

"Basi waambie wakuelekeze kibla."

Nilikubali kwa ajili ya mkono, si kwa ushujaa. Siku yenyewe nililazwa chali, kidevu juu, koo wazi, na niliogopa kuliko mbuzi yeyote niliyewahi kumshika. Nikatega sikio nisikie bismillahi. Barakoa ya daktari ikatikisika kidogo, na kabla sijasikia lolote, nusu kaputi ikanichukua.

Nilirudi Pemba na kola shingoni na kovu jembamba kooni. Vidole vikarudi kimoja kimoja. Kola ikatoka, nikaweza kufunga vifungo vya kanzu, nikaweza kushika kisu. Sauti ndiyo iliyobaki mkwaruzo. Watu walikuja kunijulia hali, wakaniombea dua, wakalichungulia kovu, wakaenda zao. Hakuna aliyeleta hata kifaranga.

Asubuhi moja akaja yule bibi, na jogoo kwapani.

Nikamlaza jogoo kuelekea kibla, nikataja jina la Mungu, nikakata. Kisu hakikutetereka. Nikainua kichwa nikitarajia kusifiwa.

"Umetaja?" akauliza.

"Nimetaja."

"Mbona mie sikusikia?"

Nimepata mkono, nimekosa sauti, na kuku wa pili anakwenda kwa paka. Nikafungua kifungo cha juu, nikamwonyesha kovu. Akasogea akalitazama kwa kituo.

"Na huyo alokuchinja weye, alitaja?"

"Sikusikia," nikamjibu kwa mkwaruzo wangu. "Niliona barakoa yatikisika."

Akamtazama jogoo, akanitazama mimi.

"Na mie n'meona midomo," akasema.

Nilidhani atamchukua aondoke naye. Badala yake aliketi barazani kwetu, pale pale njiani, akaagiza maji ya moto, akaanza kumnyonyoa manyoya mbele ya kila anayepita. Nikataka kumwambia ahsante. Sauti haikutoka, na mara hii upasuaji haukuwa na kosa.