Kobe Saba wa Nyanjige

Nyanjige alikuwa ameshalea watoto sita, wajukuu wawili na ndama yatima asiokumbuka idadi yao, ndipo akapata kobe.

Ilikuwa Novemba, pale kijijini Nkoma, mvua bado inasuasua. Mumewe, Zengo, alikuwa malishoni na ng'ombe, na yeye yuko ukingoni mwa shamba la pamba anachimbua kisiki. Jembe likainua bonge la udongo, bonge likatikisika. Ndani mlikuwa na kobe wadogo saba, wamebanana kati ya maganda ya mayai yaliyokuwa bado na utelezi.

"Mayu we!" alimwita mama yake kwa Kisukuma, akavua kitenge cha kichwani akawafunika, maana kunguru wawili walishatua karibu.

Akampigia simu Method, afisa wanyamapori aliyewahi kuja kijijini kwa mambo ya tembo.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu. "Nimewavunjia nyumba watoto wa kobe."

"Mwangaluka, mayu. Hao kisheria si wa kufugwa," Method alisema. "Ila ukiwaacha hapo leo, kunguru watawamaliza. Kaa nao mpaka nyasi ziote. Nitaandika taarifa kwamba wako kwako, halafu nitakuja tuwarudishe porini."

Jioni Zengo alirudi, akachungulia kwenye karai ambamo mkewe alikuwa amewaweka.

"Sasa hawa unawakamua au unawachinja?"

"Nawalea."

"Unawalea waje kuwa nani?" Akacheka mpaka akapaliwa.

Siku mbili za mwanzo zilimwendea kombo Nyanjige. Aliwawekea uji wa mtama na maziwa. Kobe wakapita juu ya uji, wakaacha alama za miguu. Alipomgeuza mmoja akaona uvimbe wa njano tumboni, mkubwa kama punje ya hindi. Jipu, akadhani. Alishaiosha sindano akakumbuka kupiga simu kwanza.

"Usiguse!" Method alipiga kelele. "Hicho ni kiini cha yai, ndicho chakula chao cha siku hizi. Kitanywea chenyewe. Watandikie udongo safi wenye unyevu. Wapate jua la asubuhi na kivuli cha kukimbilia. Na hayo maziwa kunywa wewe, mayu."

Nyanjige akashika hayo. Kila asubuhi aliwaweka kwenye sinia lenye maji ya vuguvugu yasiyozidi kidevu. Wakatumbukiza vichwa wakanywa, kisha wakayachafua maji yale yale bila aibu, naye akabadilisha. Uvimbe uliponywea, akawakatia majani ya kunde na mgagani, vipande vidogo vidogo, akanyunyizia ganda la yai la kuku lililosagwa ili magamba yao yakomae. Juu ya karai akafunika tenga, kwa ajili ya kuku na mwewe. Wa kwanza kula aliuma jani akalikosa, akauma tena, akapata mguu wa mwenzake. Nyanjige alicheka peke yake uani. Tangu kitinda mimba wake aolewe Bariadi, uani pale palikuwa hapasikiki kicheko cha asubuhi.

Lakini yule mdogo kuliko wote hakula. Wenzake wakaongezeka uzito, yeye akafumba macho tu. Nyanjige alimhamisha juani, akamrudisha kivulini, akamsogezea majani mpaka puani. Wapi! Siku ya kumi alikwenda kisimani moyo mzito.

Akawahi kurudi. Uani akamkuta Zengo, mwenye ng'ombe arobaini, amelala kifudifudi kofia pembeni, ameshika ua la boga.

"Kula, ng'wanone," alikuwa akibembeleza, kama mtu na mwanawe. "Wenzako wanakuacha."

Kobe akafumbua jicho moja. Akanyoosha shingo, akalitazama lile ua la njano, akakata kipande kama ukucha. Halafu kingine. Nyanjige alisimama nyuma yake na ndoo kichwani.

Zengo akageuka. "Nilikuwa natafuta kisu changu."

"Kwa ua la boga?"

"Ni rangi," alisema mzee, akijipangusa vumbi. "Wewe unampa kijani kila siku. Hata ng'ombe huchagua."

Kuanzia hapo akawa anarudi malishoni na maua kwenye mfuko wa shati.

Mvua zikakolea, nyasi zikapanda. Januari Method alikuja kwa pikipiki, akawakagua mmoja mmoja, akakuta wote saba wazima. Wakawapeleka kwenye kichaka chini ya mawe. Sita wakapotelea majanini mara moja. Wa saba, yule mdogo, Zengo alikataa kumwachia mpaka amtafutie upande wenye kivuli. Kobe akapiga hatua tatu, akasimama, akaanza kula.

"Anafunga safari ameshiba," Zengo alisema, na hakutaka kuondoka mpaka alipomwona amemaliza.

Siku hizi pale Nkoma, anayefukua kitu chenye uhai humwita Nyanjige. Juma lililopita Anyesi, jirani wa ng'ambo ya mto, alifika anahema: amekuta mayai meupe ya mviringo shambani kwake.

"Uliyageuza?" Nyanjige aliuliza.

"Hapana."

"Afadhali, yakigeuzwa hufa. Basi yafukie kama ulivyoyakuta, weka miiba juu, na mstari wa pamba upishe hapo. Hao bado hawanihitaji."

Anyesi akaaga. Zengo, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akamfuata mpaka njiani kumuuliza shamba lenyewe ni lipi hasa, na liko upande gani wa mto.