Msemaji wa Kaka Yake

Shemeji yangu haitwi Msemaji kwa sababu anajua kusema. Pale karakana ya reli wanaojua kusema ni wengi, mimi mmojawapo, na hakuna aliyewahi kunipa cheo. Anaitwa Msemaji kwa sababu kaka yake ana kigugumizi. Tangu utotoni, wakitumwa dukani, mkubwa alibeba kikapu na mdogo akasema wanachotaka. Mkubwa akianza neno, mdogo anamalizia. Hata marehemu mke wa huyo mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa akitutania kwamba yeye alitongozwa na mmoja akaolewa na mwingine.

Huyo mkubwa tunamwita Taratibu. Wote wawili ni maseremala wa mabehewa ya zamani, yale ya mbao tupu ambayo babu zetu walipanda wakiwa wamevaa kofia. Mimi nashona viti vya mabehewa hayo. Dada yangu aliolewa na Msemaji kwa sababu mimi ndiye niliyemleta pale siku moja kunisaidia kubeba ngozi, na nikiudhiwa huwa namkumbusha shemeji jambo hilo.

Behewa letu la mwisho lilikaa kwenye mvua miaka mpaka sakafu ikaota uyoga. Kilichotusumbua kuliko vyote ni milango ya vyumba vya abiria, ile ya kusukuma pembeni. Behewa likizeeka linapinda, halipindi sawa, kwa hiyo kila mlango una fremu yake na hauingii kwingine, hata uulazimishe vipi. Taratibu anauchonga mlango mezani, kisha wanaupachika wawili. Taratibu anaingia ndani ya chumba, mlango unafungwa, anapapasa kwa vidole pale unapogusa. Msemaji anabaki nje na randa. Sasa kati yao kuna mbao nzito, na maneno ya Taratibu yana safari ndefu, kwa hiyo wanaongea kwa kugonga. Akigonga mara moja: bado, ondoa kidogo. Mara mbili: acha, imetosha. Mara tatu: njoo uone. Mbao ukishaiondoa hairudi, ndiyo maana Taratibu akigonga, Msemaji anatii hata kama moyoni anabisha. Mimi nimeshona miaka na miaka nikisikiliza milio hiyo, na nilijua siku ambazo wamegombana kwa jinsi wanavyogonga.

Basi wakaja watu wa televisheni.

Simchukii yule mtangazaji. Alikuwa binti mwenye adabu, alitusalimia mmoja mmoja na akauliza kabla ya kukaa kwenye kiti changu. Lakini jamani, mambo yao! Walimwaga vumbi la mbao hewani ili mwanga wa dirishani uonekane vizuri, nikakohoa mpaka machozi. Walimpaka Msemaji masizi shavuni, mtu aliyekuwa ametoka kunawa. Wakataka nyundo. Msemaji akawaambia mlango wa aina hii haupigwi nyundo, wakamwambia, "Piga tu kidogo, Mzee, watazamaji wanapenda." Akapiga meza yake mwenyewe, meza aliyoachiwa na mwalimu wake, ko, ko, ko, huku anakunja uso kama mtu anayefanya kazi ngumu. Nilicheka. Nilidhani ni mchezo.

Halafu fundi wa sauti akavua vile vidude vyake vya masikioni. "Nani anagonga huko ndani? Inaharibu."

"Ni kaka yangu," akasema Msemaji.

"Mwambie aache kwanza."

Msemaji akaenda akamwambia. Taratibu akaacha.

Walipofika kwenye mahojiano, mtangazaji alianza na Taratibu, kwa heshima ya umri. Akamuuliza milango hii inachongwaje. Taratibu akasema, "Mi-mi-mi..." na taa nyekundu ya kamera inawaka, na binti anatabasamu, anangoja. Angengoja, nina hakika. Msemaji akakohoa, akasogea mbele, akamalizia. Kaka yake akarudi nyuma hatua kama alivyozoea, na hakuna aliyeona ubaya, maana ndivyo walivyoishi. Kisha binti akauliza, "Kwa hiyo milango hii yote umeichonga mwenyewe?"

Msemaji akasema, "Mwenyewe. Kwa mkono."

Taratibu alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kuguswa bega, ila nje ya picha. Mimi nilikuwa na misumari midogo ya viti mdomoni, vinginevyo wangenisikia mpaka stesheni.

Kipindi kilipooneshwa tulijazana sebuleni kwa dada yangu. Taratibu alipewa kiti kizuri. Ikaja sauti nzito: je, mafundi watawahi kumaliza kabla ya siku ya mwisho? Siku ya mwisho ipi? Hakuna aliyekuwa akituharakisha. Kazi ya miaka ikapita kwa muda wa kuchemsha chai. Kugonga kulionekana, maana walipiga picha mlango ukitikisika, lakini juu yake waliweka muziki. Kisha uso wa Msemaji ukajaa kioo kizima, "Mwenyewe. Kwa mkono," na mara ikaja mikono inachonga, karibu kabisa, polepole, patasi inaingia kwenye mbao laini kama kisu kwenye sabuni. Mikono mizuri. Na kidole gumba kimoja kina kucha iliyopasuka katikati.

Mtoto wa Msemaji, yule wa mwisho, aliyekaa chini, akaruka. "Baba Mkubwa! Hiyo mikono yako!"

Taratibu alificha kidole gumba chini ya kisahani, nilimwona. Akasema, "Ha-hapana, mwanangu. Ni ya ba-ba-baba yako."

Lile neno ndilo lililommaliza shemeji. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alibaki anatazama zulia, masikio yamemwiva, akaamka kwenda kuongeza sauti ya televisheni ambayo tayari ilikuwa juu. Dada yangu alimtazama kama mtu asiyemjua. Taratibu akamaliza chai, akashukuru, akaenda. Kesho yake hakuja kazini, wala keshokutwa yake.

Msemaji alikuja kunilalamikia mimi, eti. "Shemeji, mimi nilimaanisha si kwa mashine. Mwenyewe, yaani kwa mkono."

"Usinifanye mtoto," nikamwambia. "Mwenyewe ni mwenyewe. Kama ulimaanisha mkono, ungetaja wa nani."

Na adhabu yake ilikuwa njiani kila siku. Watu walimsimamisha. "Fundi wa televisheni! Mikono ya dhahabu!" Muuza magazeti alitaka kumshika mkono. Shemeji akajifunza kutembea akiwa ameweka mikono mfukoni, akazunguka nyuma ya maghala asikutane na mtu. Alikonda. Na mlango wa chumba cha mwisho ukabaki unakwama, maana hakuna wa kugonga ndani. Aliondoa kidogo hapa, akaogopa. Aliniomba mimi niingie ndani nipapase. Nikamwambia mimi napapasa sponji, mbao sizijui.

Siku behewa lilipozinduliwa, mlango ule ulikuwa umewekewa kabari chini ili mgeni yeyote asijaribu kuufunga. Wakampa Msemaji kipaza sauti. Nikajisemea, haya, sasa ndiyo hapa. Akaeleza, akajikuna, akasema, "Kazi hii si yangu peke yangu. Ni kazi ya timu." Watu wakapiga makofi. Timu! Mimi nilikaza ngozi ya kiti kwa kucha nisije nikapiga kelele. Na alipoteremka ngazi, alijua alichofanya, maana hakunitazama.

Jumapili yake mchana akaja kwangu. "Nisindikize kwa kaka. Dada yako hanisemeshi."

Taratibu anaishi kwenye vyumba viwili vya safu, milango yote inatazama uwanja mmoja. Jirani mmoja alikuwa anasugua sufuria, mwingine anaanika mashuka. Mlango wa Taratibu ulikuwa umefungwa, lakini viatu vilikuwa nje. Msemaji hakupiga hodi. Aligonga mara tatu, ule ugongaji wa karakana: njoo uone.

Kutoka ndani, mara moja.

Bado. Ondoa kidogo.

Msemaji akasogea karibu na mlango. "Kaka. Ile milango ni yako. Nilisema ni yangu, na ile timu niliyosema, nilimaanisha wewe."

Ndani akagonga. Mara moja.

Aliyekuwa anaanika mashuka akasimama na shuka mkononi. Nilitaka kumwambia shemeji twende, nione haya kwa niaba yake kwingine, si mbele za watu. Lakini yeye alichuchumaa, paji la uso likagusa mbao, na sauti yake ikawa kama ya mtoto anayekiri kuvunja kikombe.

"Nilikuonea haya. Ulipoanza kusema mbele ya kamera, nilikuonea haya, nikataka unyamaze. Na si siku ile tu, kaka. Tangu dukani. Watu wanasema nilikuwa nakusaidia. Sikuwa nakusaidia. Nilikuwa namaliza maneno yako ili wasitutazame."

Sufuria ikaacha kusuguliwa. Nilimwonea huruma na nilikuwa nimemkasirikia, yote mawili kwa pamoja.

Kutoka ndani, mara mbili.

Msemaji akalia. Alilia kwa kujizuia, mabega yakipanda na kushuka. Mlango haukufunguliwa. Badala yake tukasikia kiti kinasogezwa, na Taratibu akaanza kusema kutoka upande ule.

"U-u-u-ule..."

Nikamwona Msemaji anainua kichwa. Alishalijua neno linalofuata, kama alivyoyajua yote tangu utoto. Mdomo wake ukafunguka wenyewe. Akaushika kwa mkono.

"U-ule m-mlango wa mwi... wa mwi... wa mwi-mwi..."

Ilichukua muda. Jirani alitazama chini, kwa adabu. Msemaji alikuwa anatoka jasho kama mtu aliyebeba mbao peke yake, lakini mkono haukutoka mdomoni.

"...wa mwisho. U-unagusa ju-juu. Si pe-pembeni."

Msemaji akangoja kuhakikisha kwamba kaka yake amemaliza. Ndipo akautoa mkono mdomoni.

"Ndiyo, kaka," akasema.