Shahidi Kutoka Malishoni

Mimi ni mama lishe, na mabenchi yangu ni ya watu wanaokula. Ndivyo nilivyomwambia yule dada wa msaada wa kisheria siku ya kwanza alipoleta watu wake kibandani kwangu, hapa Ifakara, wakajaa mabenchi yote na hakuna aliyeagiza hata chai. Chumba walichoazimwa na parokia kilikuwa kinaezekwa upya, akaniomba nimhifadhi kila Alhamisi. Nikaguna. Halafu nikasikia shida za wale watu, na tangu hapo uji wa Alhamisi ukawa wa wote.

Jamani, kuna watu wana moyo! Dada yule hakuwa na gari wala ofisi ya maana, ila alikuwa na watu. Parokia ilitoa chumba. Msikitini walitangaza baada ya sala ya Ijumaa kwamba mwenye shauri la ardhi, mirathi au matunzo ya watoto aende, ni bure. Na vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani, hao hao ninaowagombeza kila siku kwa kelele zao, waliwabeba wazee na wagonjwa bila kudai kitu. Sikutegemea. Niliwapenda kwa hilo, ingawa sikuwaambia.

Aliyenigusa zaidi ni mjane mmoja wa Mofu. Mumewe alipofariki, shemeji yake alidai kwamba shamba lao la mpunga alimwazima tu marehemu, na sasa analitaka. Amwazime wapi! Mjane na mumewe walilifyeka wenyewe likiwa pori, na ndilo lililowalisha watoto wao. Usuluhishi wa kata ulishindikana, shauri likafika baraza la ardhi la wilaya, na huko wakataka mashahidi. Majirani zake karibu wote walikuwa wa ukoo wa shemeji. Kila aliyeombwa alisema siku hiyo atakuwa anaumwa.

"Hakuna mwingine anayelijua shamba lako?" dada akamuuliza, wameketi mbele ya meko yangu.

"Hakuna."

"Hata mliyegombana naye?"

Mjane akasonya. "Yupo Msukuma mmoja mwenye ng'ombe. Huyo hata salamu yake siipokei."

Tukambana akaeleza. Mwaka mmoja, mumewe akiwa hoi kitandani, ng'ombe wa yule mfugaji waliingia shambani wakala mpunga uliokwisha kutoa masuke. Uongozi wa kijiji ukawakalisha. Mfugaji akakubali kosa na, kama watu wengi wanavyomalizana huku kwetu, akalipa kwa kulima: msimu uliofuata alileta maksai wake na jembe la kukokota, akalima shamba zima huku mjane akimwonyesha mipaka. Deni likaisha, hasira haikuisha. Kwa mjane, mtu mliyegombana hawezi kusimama upande wako, kwa hiyo hakuwahi hata kumtaja.

"Mama, huyo ndiye shahidi wako! Alikulipa wewe, hakumlipa shemeji yako," dada akasema.

"Bora nikose shamba."

Nikashindwa kuvumilia. "Ukose? Watoto watakula hasira zako?"

Dada akanikanyaga mguu, kisha akamwambia polepole, "Si lazima umpende, mama. Aje tu aseme alichokiona."

Mjane aliukoroga uji wake mpaka ukapoa. Mwishowe akasema haya, atafutwe.

Mfugaji alikuwa ameshahamia Lupiro, ng'ambo ya mto. Kijana mmoja wa bodaboda alijitolea kumfuata, akarudi ametapakaa tope mpaka kwenye kofia.

"Anakuja," akasema.

"Hakuuliza atapata nini?" nikamwuliza.

"Kauliza siku tu, mama."

Siku ya shauri nilifunga kibanda. Wateja wangu walilalamika, wakalalamike. Dada si wakili, hakuruhusiwa kumsemea mtu barazani, akakaa nyuma pamoja nami akiwa amefumbata mikono. Mjane alijieleza mwenyewe, hakuruka kitu. Kisha mfugaji akasimama, mrefu, shuka begani, akaeleza jinsi alivyolima shamba lile kumlipa mjane.

Shemeji akapewa nafasi ya kumhoji. "Wewe ni mtu wa kuja. Ulijuaje shamba ni la huyu? Mbona mimi hukuniuliza?"

"Sikukuona," mfugaji akajibu. "Siku ng'ombe wangu walipokula ule mpunga, nilikuta watu wengi wamesimama wanatazama. Aliyekaa chini akalia ni huyu mama peke yake."

Shemeji akasema hana swali lingine. Mjane akageuka, akamtazama yule mtu kwa muda mrefu, na machozi yakanitoka mimi nisiyehusika.

Uamuzi ulisomwa siku nyingine: shamba ni lake, shemeji asiliguse. Mimi nilitaka kupiga vigelegele pale pale. Mjane hata hakutabasamu. Alitoka nje taratibu, akamshika dada mkono.

"Kwa hiyo naweza kwenda shambani?"

"Unaweza, mama."

"Lini?"

"Hata sasa hivi."

Nilikuwa nimemwandalia wali na samaki, nikamwita aje ale kwanza. Hakunisikia. Alikuwa ameshapanda pikipiki, anamhimiza kijana wa watu awashe.