Viatu vya Marehemu Katika Folda ya Muda

Mtunza stoo wa ghala la mabomba alikuwa mtu wa kawaida kabisa mpaka ofisi yao ilipoachana na kompyuta za zamani ikaleta zinazotumia mfumo wa Linux. Kwenye mashine yake ya zamani alikuwa akirundika kila kitu juu ya kioo, hata ile picha ya maua iliyokuwa nyuma ilishasahaulika. Fundi aliyekuja kuwafundisha akachora mti ubaoni, umepinduliwa, mzizi juu na matawi chini.

"Kila kitu kinaanzia hapa kwenye mzizi," fundi alisema. "Folda ndani ya folda. Hakuna kitu kinachoning'inia hewani."

Wenzake walipiga miayo. Yeye machozi yalimlengalenga. Alikuwa anakaribia kustaafu, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia jambo tamu kama lile. Akajifunza pia kwamba mzizi si mahali tu, ni mtu: mtumiaji mkuu, asiyezuiwa na mlango wowote, anayefungua, anayefuta na anayegawa ruhusa kwa wengine. Wenzake wakaanza kumwita Bwana Mzizi. Walikuwa wanamdhihaki, naye akalipokea jina kwa mikono miwili.

Ugonjwa ule hakuuacha kazini. Jumamosi moja aliamka na gundi na mkasi, akabandika vibao vya karatasi nyumba nzima. Jikoni akaandika bin, maana huko mashineni ndiko hukaa zana ambazo kila mtu anazihitaji, na kisu ni kisu. Droo ya kabati la sebuleni ikawa etc, mahali pa mipangilio. Humo akatia karatasi inayosema chai iwe na sukari kiasi gani na redio ifunguliwe kwa sauti ipi. Tenga la nguo chafu likawa var, kwa kuwa var ni ya vitu vinavyoongezeka kila siku upende usipende. Sebule akaiita mnt, sehemu ya kupachika chochote kinachotoka nje. Chumba cha kulala, ambamo pia mke wake alishonea nguo za watu, kikawa home, yaani nyumbani, maana mashineni kila mtumiaji ana chumba chake humo. Na kreti lililokuwa karibu na mlango wa nyuma likapewa jina la tmp.

"Hili ni la vitu vya muda," alimweleza mkewe. "Yeyote anaruhusiwa kuweka. Mashine ikizimika na kuwaka upya, kilichomo kinafutwa."

Mke wake alitoa pini mdomoni. Alikuwa mwanamke mvumilivu. Alishavumilia miaka ya kufuga sungura na mwaka mzima wa zumari.

"Sikiliza, mzee," alisema. "Mama anakuja kukaa na sisi. Tangu baba afariki hajalala vizuri. Bandika makaratasi yako utakavyo, lakini mama akiondoka hapa na kinyongo, mimi naondoka naye. Sikutanii."

Hakuwa anatania kweli, na Bwana Mzizi alilijua hilo. Alimpenda mkewe. Nyumba bila mlio wa cherehani hakuweza hata kuifikiria. Ndiyo maana alipanga kumpokea mama mkwe kwa utaratibu ulionyooka kuliko wote.

Mama mkwe alifika na begi dogo na furushi la kitambaa lililofungwa vizuri.

"Shikamoo, mama. Karibu sana. Wewe utapachikwa pale sebuleni."

"Marahaba, baba. Nipachikwe ukutani au kwenye msumari?"

"Ni lugha ya kitaalamu, mama."

"Haya. Wataalamu na nyie."

Begi likapelekwa sebuleni. Furushi, kwa kuwa hakujua aina yake, akaliweka tmp mpaka alitafutie folda yake. Kisha wakakaa kunywa chai, yenye sukari kama ilivyoandikwa kwenye droo, na katikati ya chai umeme ukakatika. Ulipowaka, Bwana Mzizi aliinuka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akalichukua kreti, akatoka nyuma, na gari la taka likiwa ndiyo kwanza linapita, akamimina kila kitu ndani yake. Akarudi akipangusa mikono, ameridhika.

"Furushi langu liko wapi?" mama mkwe aliuliza.

Ndani ya furushi mlikuwa na viatu vya marehemu mume wake. Tangu amzike, kila alipolala alivipanga chini kando ya kitanda, ncha zikitazama mlango, kama marehemu alivyokuwa akiviacha. Bila viatu vile usingizi hauji. Alieleza hayo kwa sauti ya chini, bila kumlaumu mtu, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi mkwe wake.

Alilikimbilia lile gari mpaka pumzi zikamwishia, kisha akalifuata dampo kwa pikipiki ya kukodi. Jioni alirudi ananuka, mikono mitupu.

"Kwenye mashine yako, kikifutwa kinarudi?" mama mkwe alimuuliza.

"Mzizi akifuta, mama, hakirudi."

Mke wake alikuwa tayari ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati.

"Kabla sijaondoka nijibu kitu kimoja," alisema akikunja nguo. "Huko kwenye mashine, watumiaji wote wana vyumba vyao ndani ya home. Na huyo mzizi je?"

Bwana Mzizi alikitazama kibao cha home mlangoni. Jibu alilijua vizuri mno.

"Ana folda yake," alisema. "Lakini iko nje. Haimo ndani ya home."

"Yaani mkubwa anayeingia kila mahali bila hodi hana chumba nyumbani."

"Ndivyo walivyoitengeneza."

"Basi waliotengeneza wana akili," mkewe alisema, akaendelea kukunja.

Bwana Mzizi alisimama palepale. Miaka yote alikuwa akiingia chumba kile cha kushonea akihamisha vitambaa vya wateja, akizima redio ya mkewe, akitupa vipande alivyoona havina kazi, na hajawahi hata siku moja kuuliza. Aliona aibu, aibu ya kweli.

Mama mkwe alimtazama miguuni.

"Baba, vua viatu."

Akavua. Vilikuwa vyeusi, vya kazini, soli imeliwa upande mmoja. Mama mkwe akavikung'uta, akavipeleka sebuleni, akavipanga kando ya kochi, ncha zikitazama mlango. Akavitazama kwa muda, akasogeza kimoja kidogo, kisha akajilaza na kuvuta shuka.

"Vitanifaa," alisema. "Sanduku lirudishwe."

Mkewe akalirudisha juu ya kabati. Punde cherehani ikaanza kulia.

Asubuhi Bwana Mzizi alikuwa amevaa shati, suruali na soksi. Alisimama nje ya pazia la sebule.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Mimi mkweo. Naomba viatu niende kazini."

"Viatu vya nani?"

"Vyangu, mama."

Pazia halikufunguliwa. Soksi zilianza kulowa kwenye sakafu iliyopigwa deki. Akarekebisha jibu.

"Vya marehemu mzee."

"Vichukue, baba," mama mkwe alisema. "Jioni uvirudishe."