Mpiga picha wa Kanyangi aliyefuta jeraha

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, Ndinda Mbuvi ameketi mbele ya kompyuta katika ofisi ya maendeleo ya kanisa moja mjini Kitui, mkoba magotini, akisubiri laini ya simu ishike. Karani wa ofisi, Musembi, amepiga namba ya Nairobi mara nne bila kufanikiwa. Mara ya tano mashine inalia, inanyamaza, na barua zinaanza kuingia.

"Kuja usome, Mama Ndolo," Musembi anamwambia. "Lakini usimalize asubuhi yote, pasta ako na ripoti."

Ndinda, mwenye umri wa miaka 49, anavaa miwani na kusoma kwa sauti. Hapendi siri kazini.

Barua ya kwanza inatoka kwa Muktar Abdille, anayepiga video za harusi Garissa. Juma lililopita, akirekodi msafara wa bibi harusi, lori lilirudi nyuma likabomoa kibanda cha Raho, mama anayeuza maziwa. Mwenye lori anakana. Tukio lote limo ndani ya kaseti, ila baba wa bibi harusi anataka sehemu hiyo ifutwe kwa kuwa inaharibu harusi ya binti yake. Muktar anauliza afanyeje.

Ndinda anaandika kwa vidole viwili. "Mtengenezee kopi maridadi vile anataka. Kaseti ya kwanza usiguse. Vunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni, isirekodiwe tena. Andika tarehe na jina lako, ufungie kwa kabati."

Jibu haliendi kwa Muktar peke yake, linakwenda kwa kundi zima. Wako kumi na saba, wapiga picha na watu wa video kutoka Kikima hadi Garissa, ambao kazi zao huishia kortini wapende wasipende. Watano wana mahali pa kusomea barua pepe. Wengine hupelekewa karatasi zilizochapishwa, mikononi mwa makondakta wa mabasi. Mwenzao wa Zombe hupata yake Ijumaa, mara nyingi ikinuka mafuta ya taa.

"Watu hunicheka," anasema Ndinda. "Wanasema nimefungua shule ya polisi."

Studio yake iko Kanyangi, chumba kimoja chenye pazia la maua. Mwezi mzuri humletea kama shilingi elfu nne, nyingi zikitokana na picha za kitambulisho. Aliifungua mwaka 1974, baada ya kufunzwa na fundi mmoja wa Machakos. Fundi huyo alimfunza kupiga picha, kisha akamfunza kuisafisha. Kwa penseli iliyochongwa ikawa kali kama sindano, Ndinda alijaza madoa kwenye negativu, ile filamu ya kuchapia picha, na picha ikitoka, chunusi na makovu hayapo.

"Hakuna mteja alitoka kwangu na chunusi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka.

Mwaka 1989 aliletwa Mutindi, mjane wa kijiji jirani. Shemeji yake alikuwa amempiga kwa sababu ya shamba. Askari hawakuwa na kamera, wakamtuma studio. Jicho lilikuwa limevimba, na chini yake kulikuwa na jeraha refu. Ndinda alimpiga picha, akimhurumia sana. Alasiri akaketi dirishani na ile negativu, akashika penseli.

"Sikufikiria korti. Nilifikiria huyu ni mama, na hii picha itaonwa na watu. Nikamsafisha kidogo. Halafu kidogo tena."

Kesi ilisikizwa miezi mitano baadaye, jeraha likiwa limepona. Karatasi ya zahanati ilisema tu kwamba uso ulikuwa na maumivu. Wakili wa shemeji aliinua picha juu, akaomba aonyeshwe jeraha. Halikuonekana. Kesi ikatupwa, na shemeji akalima shamba lile msimu huo huo.

Ndinda alikuwa mle ndani, benchi la nyuma, na alinyamaza.

"Niliogopa. Nilijua ni mimi. Hiyo aibu bado niko nayo."

Mwaka 1993 aliwaandikia wapiga picha sita aliowafahamu, akaeleza alichokifanya, akawauliza kama yaliwahi kuwapata. Wanne walijibu ndiyo. Mmoja wa Kikima alikuwa amefuta damu kwenye shati la marehemu kwa sababu familia ilitaka picha ya kutundika ukutani. Barua zikazunguka kwa posta hadi mwaka jana, 1997, Musembi alipowapa nusu saa ya kompyuta kila juma.

Mwezi Mei kundi lilimgeuzia Ndinda mwenyewe swali. Negativu ya Mutindi iko wapi? Akajibu kwamba iko ndani ya mkebe, studioni. Wakamwandikia watu tisa, wote wakisema jambo moja: ioshe.

"Nilijua miaka yote penseli inatoka na tapentaini," anasema. "Shida haikuwa kujua."

Anafungua mkoba na kutoa picha mpya. Jeraha lipo, refu, chini ya jicho. Kuna wakili Machakos aliyekubali kuitazama, bila kuahidi lolote. Lakini wakili anamhitaji Mutindi, na Mutindi hajaambiwa.

Hukutana kila siku ya soko. Mutindi humuuzia mboga, na humwongezea kidogo juu.

"Yeye husema hakimu alikula kitu. Mimi husema asante kwa mboga, naenda."

Musembi anakohoa, pasta amefika. Ndinda anarudisha picha mkobani, kisha anamuuliza mwandishi wa makala haya gazeti litatoka lini. Anaambiwa ni Jumapili.

Anahesabu siku kimya kimya, midomo ikicheza.

"Basi Jumamosi nitaenda kwake," anasema. "Asiyapate kwa gazeti. Akikataa kunipa kiti, nitamwambia nikiwa nimesimama."