Mchukuzi Aliyetua Mzigo

Likizo ile binamu yangu alikuja Garissa kutoka Nairobi na kitabu kisicho na jalada, alichonunua kwa wauza vitabu wa barabarani. Njiani, kwenye kizuizi, askari walikipekua ukurasa kwa ukurasa, wakaona picha za mapango na mazimwi, wakamrudishia wakicheka. Kilikuwa kitabu cha sheria za mchezo. Hauna ubao wala karata: mmoja anasimulia pango lenye hatari, wengine wanakuwa watu waliomo ndani yake, kila mmoja anasema anachofanya, na bahati inaamua. Dadu zake za pande nyingi hatukuwa nazo. Tuliandika namba kwenye vikaratasi tukavichanganya ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Tulicheza barazani baada ya adhuhuri, jua likiwa limewafungia watu ndani. Tulikuwa wanne: binamu msimulizi, kaka yangu mkubwa, kijana wa jirani ambaye baba yake alihamishiwa kwetu kikazi kutoka Kakamega, na mimi, msichana peke yangu. Kwa ajili ya huyo jirani tulicheza kwa Kiswahili, si kwa Kisomali chetu cha nyumbani.

Kaka alichagua kuwa shujaa wa upanga mwenye deraya ya chuma. Jirani akawa mchawi. Mimi niliposema nataka upinde, kaka alicheka.

"Wewe utakuwa mchukuzi wetu."

Kitabu kilikuwa na wachukuzi, watu wa kukodiwa. Kilikuwa pia na sheria ya mizigo. Kila kitu kilikuwa na uzito wake: kamba, mienge, viriba vya maji, ngao. Ukibeba vingi unakwenda polepole; ukizidisha unajikokota, na kinachokufukuza kinakufikia. Wenzangu waliichukia hesabu hiyo, wakajitafutia dawa: kila kilichowalemea kiliandikwa kwangu. Mashujaa walikuwa na majina marefu ya kutisha. Mimi niliitwa "mchukuzi" tu.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa nimetoka bombani, kamba ya jerikeni imeniachia alama begani. Kaka alikuwa ameshaoga maji hayo, ananukia sabuni. Tukaingia pangoni. Chini kabisa wakakuta sanduku la dhahabu, wakashangilia.

"Mpakie mchukuzi," kaka akasema, bila hata kunitazama.

Binamu akajumlisha uzito. "Akibeba hiyo atajikokota."

"Ajikokote."

Ndipo zimwi likatoka gizani. Mchawi, asiye na mzigo, alikuwa wa kwanza kukimbia. Kaka akafuata na chuma chake. Binamu akanitazama kwa huruma. "Wewe litakufikia."

"Si neno," kaka akasema. "Mjini tutakodi mwingine."

Mwingine! Kifua kilinijaa moto. Mwenge uliowamulikia ulikuwa mkononi mwangu, maji waliyokunywa yalitoka mgongoni kwangu.

"Natua dhahabu," nikasema.

"Huwezi! Hiyo ni mali yetu!"

"Basi rudi uibebe."

Nikamwambia binamu: naacha sanduku, nabaki na mwenge, kamba na maji, halafu nakimbia. Kaka akapiga kelele kwamba mchukuzi hana ruhusa ya kuamua. Binamu akafunua kitabu, akasoma, akarudia kusoma.

"Hapa hakuna mahali panaposema ruhusa," akasema. "Panasema uzito tu. Sasa yeye ni mwepesi kuliko wewe."

Nikampita kaka. Yeye na chuma chake wakabaki nyuma, gizani.

"Simama, nimulikie!"

"Mimi nani? Niite jina."

"Huna jina!"

"Basi hakuna wa kusimama."

Jirani alijiziba mdomo asicheke. Namba ikachomolewa koponi, ndogo kuliko zote, na zimwi likamla shujaa na deraya yake. Kaka akachana karatasi yake vipande vipande na kuingia ndani. Nilimsikia akimwambia mama kwamba mimi sina adabu.

Jioni aliita kutoka chumbani, "Leta maji ya kuoga!"

"Bomba liko pale pale," nikajibu.

Mama yetu alikulia Griftu, kwa wafugaji wa kuhamahama, na tangu utotoni alijua kufunga nyumba nzima juu ya ngamia. Nilidhani ataniunga mkono. Akanishika sikio.

"Sauti ya msichana isivuke ua. Umesikia?"

"Nimesikia, hooyo. Lakini maji yake sileti."

Akaliachia sikio, akarudi jikoni. Hakusema nimeshinda, wala hakuniamrisha tena. Kesho yake nikaleta maji ya mama na yangu. Shangazi alipokuja kututembelea akaambiwa habari zangu, akasema nitakosa mume kwa ukaidi huu. Nikamwambia atakayetaka mchukuzi apite nyumba nyingine. Nilipata kofi kwa maneno hayo, na sikuyafuta.

Kaka alivumilia jasho mpaka wageni wakaanza kukaa mbali naye. Hatimaye akaazima toroli, akaenda bombani wakati wa magharibi, akitumaini watu wote wako msikitini. Wasichana walikuwa bado foleni. Walimpisha kwa vicheko, mmoja akamwonyesha namna ya kufunga kifuniko cha jerikeni. Alirudi maji yakimwagika njia nzima, kichwa chini. Nilisimama mlangoni nikamtazama akipita. Sikumsaidia kusukuma, na sikumwonea huruma.