Jino la Nne la Hanna

Hanna wa kijiji cha Akheri, mtoto wa kaka yangu, alikuwa na haya kupita kiasi, na haya ya namna hiyo huniudhi. Alikulia kwenye maji ya Meru, yale yanayotia meno rangi ya kahawia, na tangu utotoni alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Kisha akachumbiwa na Godwin. Mama yake Godwin, mtu wa Bukoba, aliamini meno hayo ni ugonjwa wa ukoo. Alikwisha kuvunja uchumba wa mwanawe mkubwa kwa sababu hiyo hiyo. Godwin hakujali, ila hakuwa mwanamume wa kumbishia mama yake. Kwa hiyo kabla mama huyo hajaja kumwona mchumba, Hanna akashuka mjini kwa mzee Twahir, daktari wa meno aliyefungua kliniki yake mara tu watu binafsi waliporuhusiwa tena kuendesha hospitali.

Meno matatu ya mbele yalifunikwa kwa viganda vyeupe bila shida. La nne lilikuwa limeoza, ikabidi likwanguliwe mpaka tabaka la ndani. Mzee akalipaka asidi, akaliosha, akaliacha na unyevu kidogo.

"Sasa vitundu vyake viko wazi, mwanangu," alisema. "Gundi itaingia humo. Usifunge mdomo. Mate yakigusa, gundi haitashika."

Hapo umeme ukakatika. Mashine ya kunyonya mate ikanyamaza. Mzee akatoka kuwasha jenereta, na mate yakaanza kumchuruzika Hanna kidevuni. Mzee arudi amkute anadondosha mate, kama mtoto mchanga? Akafunga mdomo, akameza.

"Hukufunga?" mzee aliuliza aliporudi.

"Sikufunga, baba."

Mzee akabandika kiganda cha nne. Hanna angesema kweli, jino lingeoshwa upya, basi. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

Asubuhi ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ulimi wake ulihisi kitu kinacheza kwenye jino la nne. Hakumwambia mtu. Nilimwona amekunja ngumi, nikadhani ni woga wa bibi harusi tu.

Ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, ikaletwa. Mama Godwin akakata kipande cha paja, akakishika mwenyewe.

"Uma, mwanangu, watu waone meno meupe!"

Hanna alinitazama, nami nikaogopa bila kujua kwa nini. Akauma. Vigelegele vikapigwa. Mama Godwin akavuta nyama, na juu yake kilikuwa kimenata kiganda cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

Vigelegele vikafifia, meza baada ya meza.

"Fungua mdomo," akasema Mama Godwin.